Alama za kuungua kwenye viti vya mninga: kisa cha silivu za msasa zilizochelewa kubadilishwa

Kisa hiki kilitokea katika karakana yetu ya samani iliyopo Keko, jijini Dar es Salaam, wakati wa mvua za masika, tulipokuwa tunatengeneza viti 24 vya mninga kwa ajili ya ukumbi wa chakula. Ubao wa juu wa mgongo wa kila kiti ulikuwa na unene wa milimita 22. Ulikatwa kwa msumeno wa bendi ili ufuate mpindo wa mgongo wa mkaaji, kisha katikati yake likatobolewa tundu la kushikia, refu milimita 100 na pana milimita 30, lenye ncha mbili za nusu duara. Kuta za matundu hayo na tumbo la mpindo vililainishwa kwa mashine ya msasa ya spindeli, yaani mhimili wima unaozunguka. Mbao zilipotoka mashineni, chini ya taa yetu hafifu, zilionekana safi. Tulipopaka mkono wa kwanza wa sila, kipako cha kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, ndipo zilipotoa siri: kwenye ncha za matundu kadhaa palikuwa na mabaka meusi ya kuungua, na kwenye matundu mengine kuta zilikuwa na mawimbi madogo madogo yaliyopangana kama meno ya kitana. Mbao 16 kati ya 24 hazikufaa kwenda kwa mteja zikiwa katika hali ile.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu chanzo chake ni kazi ambayo karakana nyingi huiona haihitaji fundi, nayo ni kubadilisha silivu. Silivu ni msasa ulioundwa kama bomba fupi lililo wazi pande zote mbili. Anayefika kazini wiki ya kwanza huelekezwa kwa maneno mawili, "fungua nati, valisha nyingine," na hapo somo linakwisha. Mimi mwenyewe niliwafundisha vijana wangu hivyo, na uchambuzi huu unaanzia katika kosa hilo.

Mashine yenyewe ni ya mezani. Spindeli husimama wima katikati ya meza, huzunguka mara 2000 kwa dakika, na wakati huohuo hupanda na kushuka takribani mara 58 kwa dakika kwa mwendo wa milimita 16. Kule kupanda na kushuka ndiko kunakofanya msasa usichore mistari mbaoni, na ndiko kunakotawanya joto. Juu ya spindeli huvalishwa ngoma ya mpira, juu ya ngoma huvalishwa silivu, kisha huwekwa washa, yaani kisahani cha chuma chenye tundu, na nati. Nati ikikazwa huibana ngoma kutoka juu kwenda chini, na mpira, kwa kuwa hauna pa kwenda, huvimba ubavuni na kuishika silivu kwa ndani. Hakuna gundi wala pini. Mshiko wote unategemea mpira ulio hai, silivu yenye kipenyo kinacholingana na ngoma, na nati iliyokazwa kwa kiasi chake. Kwa kazi hii tulitumia ngoma mbili, ya milimita 51 kwa tumbo la mpindo na ya milimita 19 kwa matundu, na silivu zote zilikuwa na urefu wa milimita 114. Mpindo haukutupa shida yoyote. Madhara yote yalitokea kwenye matundu.

Siku ya kwanza baada ya kuyaona mabaka, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Mpaka rangi aliilaumu mbao, akisema imekatwa ingali na maji. Kijana aliyekuwa mashineni alisema, "Fundi, mashine imechoka, ukiibana kidogo inapunguza mwendo." Mimi nilishuku umeme, kwa sababu mchana ule taa zilikuwa zinafifia. Tulipima umeme kwenye soketi tukapata volti 224, ambazo mota ya aina ile haina sababu ya kuzilalamikia. Tuliiwasha mashine bila mzigo ikalia sawasawa, bila mkwaruzo wala mtetemo. Hoja ya mbao nayo ilianguka haraka, kwa kuwa vipande viwili vilivyotoka kwenye ubao mmoja, kimoja kilikuwa kimeungua na kingine kilikuwa safi.

Kilichotutoa gizani ni penseli. Nina desturi ya kuandika namba nyuma ya kila kipande kabla ya kukipeleka mashineni, na kijana alivipitisha kwa mpangilio wa namba hizo. Tulivipanga vyote 24 sakafuni, namba 1 hadi 24, tukawasha taa ya mkono na kuyatazama matundu moja baada ya jingine. Namba 1 hadi 8 yalikuwa safi kabisa. Namba 9 lilikuwa na kivuli cha kahawia upande mmoja, chepesi mno kiasi kwamba bila sila kisingeonekana. Namba 10 na 11 kivuli kilikuwa pande zote mbili. Kufikia namba 14 ncha za tundu zilikuwa nyeusi kama kipini cha jiko la mkaa. Kuanzia namba 15 weusi ulitoweka ghafla, na badala yake yakaanza mawimbi, yakaendelea bila kukoma hadi namba 24.

Mpangilio ule ulitosha kuondoa dhana ya umeme na ya mbao kwa pamoja. Umeme ukipungua hupungua na kurudi, na mbao mbichi haingojei namba 9 ili ianze kuungua. Kitu kinachoharibika polepole, kwa kufuatana na kazi kilichofanya, ni kile kinacholika, na kwenye mashine ile kinacholika ni silivu. Mabadiliko ya ghafla pale namba 15 nayo yalikuwa na maana yake. Nilipomuuliza kijana alikumbuka vizuri: pale ndipo alipoona silivu haili, akaibadilisha mwenyewe, asubuhi ya siku ya pili, nikiwa nimekwenda kununua mbao. Kumbe tulikuwa na visa viwili vilivyovalishwa nguo moja. Cha kwanza kilitokana na silivu iliyochelewa kubadilishwa, na cha pili kilitokana na silivu iliyobadilishwa vibaya.

Nianze na ile ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado kwenye ndoo ya taka. Niliikata kwa kisu kutoka juu hadi chini, nikaifungua ikalala kama kipande cha kawaida cha msasa, na kuipeleka dirishani. Ilikuwa na mikanda mitatu iliyoonekana waziwazi. Sehemu ya juu ilikuwa mpya, punje zake zikimetameta kama chumvi ya mawe, na ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo. Sehemu ya chini kabisa, upana wa vidole viwili na zaidi kidogo, ilikuwa ya kahawia iliyokoza, laini, inayong'aa kama ganda la ukwaju lililoshikwashikwa, na ukucha uliteleza juu yake bila sauti. Kati ya mikanda hiyo miwili palikuwa na ukanda mwembamba wa mpito. Niliupima ule ukanda uliokufa kwa rula, nikapata milimita 38.

Hesabu yake ni nyepesi, nasi tulikuwa tumeitumia mashine ile miaka mitatu bila kuifanya. Ubao wa milimita 22 ukilazwa mezani, na spindeli ikipanda na kushuka milimita 16, sehemu ya silivu inayogusa mbao ni 22 ukijumlisha 16, yaani milimita 38. Hiyo ni theluthi ya urefu wa silivu ya milimita 114. Theluthi mbili nyingine zilikuwa zinazunguka hewani bure. Mzunguko wa silivu ya milimita 19 ni takribani milimita 60, kwa hiyo eneo la msasa lililofanya kazi yote lilikuwa kama sentimita 23 za mraba, lililozidi kidogo tu uso wa kiberiti. Upande wa mbao, ukuta wa tundu moja una mzunguko wa karibu milimita 234 na kimo cha milimita 22. Ukizidisha kwa matundu 24 unapata zaidi ya sentimita 1200 za mraba. Kila sentimita ya mraba ya msasa ilitakiwa ilainishe zaidi ya sentimita 50 za mraba za mninga, tena si kulainisha kwa juujuu, bali kuondoa alama za msumeno.

Ukilinganisha na silivu ya milimita 51, tofauti ni kubwa. Ukanda wake wa kazi ni karibu mara tatu ya ule wa 19, na kwa kuwa spindeli huzunguka kwa mwendo uleule, uso wa silivu nene hupita mbaoni kwa kasi ya mita 5.3 kwa sekunde, ilhali uso wa silivu nyembamba hupita kwa mita 2 tu. Silivu nyembamba basi hula polepole, huchakaa haraka, na kila punje yake hulazimika kurudi mbaoni mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mwendeshaji anaposikia haili, mkono wake wenyewe humtuma abane zaidi. Hapo ndipo mota huanza kushuka sauti, na hapo ndipo kijana alipoona kwamba mashine imechoka. Alichokisikia kilikuwa kweli. Sababu ndiyo aliyoikosea.

Punje ya msasa iliyo hai hukata. Hutoa unga wenye chembe unazozihisi kati ya vidole, na sehemu kubwa ya joto huondoka pamoja na unga huo. Punje iliyovunjika ncha husugua tu. Joto halina unga wa kuondoka nao, hubaki kwenye ukuta wa mbao, na mahali pa kwanza kuungua ni pale nyuzi za mti zinapokutana na msasa kwa vichwa vyake, kwa sababu nyuzi zilizosimama hivyo ni ngumu zaidi kukatika. Katika tundu la kushikia lililotobolewa kwa kufuata urefu wa ubao, vichwa vya nyuzi viko kwenye zile ncha mbili za nusu duara, ndiyo maana kuta ndefu za matundu namba 9 hadi 14 zilikuwa na nafuu huku ncha zikiwa nyeusi.

Kuna jambo lililoharakisha kifo cha silivu ile. Wiki iliyotangulia ilikuwa imetumika kwa vipande vichache vya mtiki. Mtiki una mafuta ya asili na una silika ndani yake, kitu cha jamii ya mchanga, na kila fundi aliyewahi kuuranda anajua unavyomaliza makali. Mafuta yakipata joto huushika unga na kuukandamiza kati ya punje hadi msasa unajaa. Msasa uliojaa na msasa ulioisha makali ni wagonjwa wawili tofauti, ingawa kwa mbali wanafanana. Uliojaa bado una punje zake chini ya uchafu, na huamka ukiusugua, mashine ikiwa inazunguka, kwa kipande cha mpira wa asili usiotiwa rangi, au kwa soli ya kiatu ya mpira wa aina hiyo. Mpira huung'oa unga uliogandana. Lakini soli za kandambili zisitumike, kwa sababu zile huyeyuka na kuacha utando unaoumaliza msasa moja kwa moja. Ulioisha makali hauna dawa. Njia ya kuwatofautisha ni kuusugua kwa mpira sekunde chache, kuizima mashine, kisha kuupitishia ukucha: ukisikia mkwaruzo, unaendelea na kazi, na ukiteleza, unatupa. Silivu yetu ilikuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja, mtiki ukiwa umeijaza na mninga ukiwa umezimaliza punje zake.

Sasa nije kwenye namba 15. Nilimwomba kijana anionyeshe hatua kwa hatua jinsi alivyobadilisha, na nilimwahidi kwamba hakuna atakayemgombeza, ahadi niliyoitimiza. Alianza kufungua nati ikakataa. Alikuwa anaizungusha upande wa kawaida wa kufungua, kumbe nati ya spindeli ya mashine yetu imechongwa kinyume, hufunguka kwa kuizungusha upande ambao nati nyingine hukazwa. Mashine za aina hii hazifanani katika jambo hili, nyingine zina nati za kawaida na nyingine za kinyume, na anayekisia huishia kuikaza zaidi. Alipogundua akaifungua, lakini silivu nayo ikakataa kutoka, kwa sababu ngoma ilikuwa imebanwa miezi mingi bila kulegezwa na unga laini ulikuwa umeingia kati ya mpira na karatasi na kugandana. Aliishika silivu kwa praya na kuivuta. Ikatoka, pamoja na kipande kidogo cha mpira kilichonyofoka kwenye ukingo wa juu wa ngoma.

Silivu mpya alipoivalisha ikaingia kwa ulegevu. Alikaza nati, bado ikazunguka ukiishika kwa mkono. Sababu zilikuwa mbili. Ngoma ilikuwa imekaa katika hali ya kubanwa muda mrefu hadi mpira umepoteza uwezo wa kuvimba, na silivu zenyewe zilikuwa zimehifadhiwa vibaya, ndani ya boksi lililowekwa juu ya sakafu ya saruji msimu wa masika. Silivu zenye mgongo wa karatasi hunywa unyevu, hutanuka na kupoteza umbo. Nilizitoa zote zilizobaki kwenye boksi lile, na zile za chini, zilizokuwa karibu na saruji, zilikuwa zimepinda kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kijana wa watu alifanya kile ambacho mafundi wengi wangefanya. Alichukua gundi-karatasi ya kuzibia wakati wa kupaka rangi, akaizungusha ngoma mara moja, akapishanisha mwisho wake juu ya mwanzo kwa upana wa kidole, akavalisha silivu, na safari hii ikashika. Kazi ikaendelea, msasa mpya ukala vizuri, weusi ukatoweka, naye akaamini amelitatua tatizo. Lakini pale utepe ulipopishana palikuwa na unene wa ziada, mdogo kuliko unene wa kucha, uliosimama wima kwenye ngoma kutoka juu hadi chini. Mashine inazunguka mara 2000 kwa dakika, yaani mara 33 kwa sekunde, na katika kila mzunguko kile kivimbe kiligonga mbao mara moja. Ubao ukisogezwa kwa mwendo wa milimita 50 kwa sekunde, kila pigo linatua milimita moja na nusu kutoka lililotangulia. Tulipima umbali kati ya mawimbi kwenye tundu namba 19 tukapata kati ya milimita moja na mbili. Mawimbi yaliyo karibukaribu na yaliyopangana sawasawa namna hiyo hayatokani na mkono unaotetemeka, kwa sababu mkono haupigi kwa usawa. Hutokana na kitu kinachozunguka kikiwa na kasoro upande mmoja.

Baada ya kuelewa hivyo tulibadilisha upya, mbele ya vijana wote, na nitaeleza tulivyofanya kwa kuwa hapa ndipo maelezo ya maneno mawili yanapopungukiwa.

Plagi ilichomolewa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, maana vidole vinaingia mahali ambapo swichi ya mezani inaweza kuguswa na tumbo la mtu anayeinama. Tuliondoa pete ya meza, ile inayoizunguka spindeli, tukafagia unga uliokuwa chini yake kwa brashi na kuuvuta kwa mashine ya kufyonza vumbi, wala hatukuupuliza kwa kompresa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na vumbi linalojificha chini ya meza ya mashine hii ndilo laini kuliko yote, kwa hiyo barakoa inavaliwa hata wakati mashine haizunguki. Kisha tulifungua nati kwa upande wake sahihi, ambao sasa umechorwa mshale wa rangi nyekundu kwenye meza. Tukatoa washa na kuiacha ngoma dakika chache ipumue.

Ngoma iliyobanwa muda mrefu haitoi silivu papo hapo, mpira unahitaji muda wa kurudi. Silivu ikigoma baada ya hapo, huzungushwa kwa viganja huku ikivutwa juu, na ikigoma kabisa huchanwa kwa kisu kidogo kwa urefu, ukikata karatasi pekee bila kugusa mpira, kwa kuwa imeshakufa na haina thamani. Praya haina kazi hapa. Ngoma yetu ya milimita 19 haikuwa na matumaini tena kutokana na ule mnyofoko, tukaagiza nyingine. Mpya ilipofika tuliifuta kwa kitambaa kikavu, tukaipaka poda kidogo, ile ya kawaida ya watoto, ili silivu iingie bila kulazimishwa na itoke siku ya kutoka. Mafuta na grisi ni mwiko, kwani huuharibu mpira na huhamia mbaoni, na mahali palipoguswa na mafuta vanishi haishiki.

Silivu ilisukumwa hadi ukingo wake wa chini ukalingana na ukingo wa chini wa ngoma. Nati ilikazwa kidogo kidogo, kila robo mzunguko tukijaribu kuizungusha silivu kwa mkono, na ilipokataa tuliongeza kidogo sana na kuacha. Hapa pana kosa ambalo halikutokea katika kisa chetu lakini nimeliona kwingine mara nyingi, la kukaza hadi nguvu ziishe. Ngoma iliyokazwa kupita kiasi huvimba katikati kama pipa, na ukuta unaolainishwa nayo huwa na bonde, hausimami nyuzi 90 na uso wa ubao. Tuliweka skwea, kifaa cha kupimia pembe ya nyuzi 90, mezani, tukaiegemeza kwenye silivu, na mwanga haukupita. Mwisho nilichora mstari mmoja wa penseli ulioanzia kwenye ukingo wa silivu na kuendelea juu ya kichwa cha ngoma. Baada ya kulainisha tundu la kwanza tuliizima mashine na kuutazama: nusu mbili za mstari zingekuwa zimeachana, tungejua silivu inateleza. Zilikuwa bado zimekutana.

Mbao zilizoharibika zilitibiwa kwa njia mbili. Zenye mawimbi, zote kumi, zilipona kwa mkono: tulizungushia msasa namba 120 (namba ya msasa ikiwa kubwa, punje zake ni ndogo zaidi) kwenye kipande cha mpini wa fagio na kuusugua kwa kufuata mpindo, kisha namba 150. Zenye kuungua zilikuwa na kazi zaidi. Ukirudisha ubao uliokwisha kuungua kwenye spindeli ukitaka kumaliza weusi, unakuta weusi umezama ndani ya vichwa vya nyuzi, nawe unaendelea kubana hadi tundu linapoteza umbo. Tulikwangua kwanza kwa tupa ya nusu duara hadi rangi ya mninga ikarudi, ndipo tukapitisha silivu mpya ya namba 80, na baadaye ya namba 150. Nne kati ya sita ziliokoka. Namba 13 na namba 14 tulizitengeneza upya, kwa kuwa ncha zake zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba tundu lilikuwa refu kuliko ya wenzake kwa zaidi ya milimita mbili, na viti vikipangwa mezani kwa safu jicho hulikamata jambo hilo mara moja.

Tangu hapo silivu zetu hazingoji kuchanika ndipo zitupwe, na hatuhesabu saa. Tunahesabu vipande. Kwa mninga wa unene ule na silivu ya milimita 19, tundu la nane ndilo la mwisho kwa ukanda mmoja, kwa sababu la tisa ndilo lililotoa kivuli cha kwanza. Kisha silivu inageuzwa juu chini, ukanda wa juu ambao haujaguswa unakuja mezani, na matundu mengine manane yanapatikana. Aina nyingi za silivu hukubali kugeuzwa, ila zile zilizochorwa mshale wa mwelekeo kwa ndani haziruhusu, maana maungio yake yakigeuzwa hukutana na mbao kwa kinyume na hufumuka. Ukanda wa katikati tunaufikia kwa kulaza juu ya meza ubao wa plaiwudi wa unene unaofaa, uliotobolewa katikati, ambao huinua kazi. Kwa njia hiyo silivu moja ingetosha matundu yote 24. Ile ya kwanza tuliitumia kwa theluthi yake moja, tukaiunguzia mbao sita, tukaitupa ikiwa na theluthi mbili zilizo mpya.

Ndani ya kila silivu sasa kuna maandishi ya penseli: namba ya msasa, aina ya mbao, na alama ya ncha iliyokwisha kutumika. Ya mtiki haiendi kwenye mninga. Silivu za akiba zimehamia kwenye rafu ya juu, ndani ya ndoo yenye mfuniko, zikiwa zimesimama wima ili zisibonyee, na jioni kazi ikiisha nati hulegezwa ili mpira ulale ukiwa huru. Ngoma yetu nyingine, ya milimita 26, ambayo haikutumika kwa viti hivi, bado ni ileile ya zamani, iliyobanwa miaka mitatu pamoja na ile iliyokufa, na uso wake umeanza kuwa na nyufa nyembamba ukiubonyeza kwa kidole gumba. Haijateleza mpaka leo, lakini nimeshazuia isitumike kwa kazi ya mteja hadi mbadala wake ufike.